Tovuti ya Bure ya Papa Pacifique

Huko Uvira Ezéchiel alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na akiingia darasani watoto walisimama. Durban alisimama yeye. Alisimama kutwa kwenye parkingi ya maduka ya upande wa bandarini, kizibao cha rangi ya chungwa mwilini, akiwaelekeza madereva kwa mkono: rudi, rudi, basi hapo hapo. Wengine walimtupia sarafu, wengine walipandisha kioo. Wenzake walimwita Papa Pacifique, maana kwa Wakongomani mtu akishapata mtoto, jina lake mwenyewe linalala. Na hata mtoto akipotea, wito haubadilishwi. Kabla hajatia chai kinywani, mwalimu yule alikuwa ameshaitwa kwa jina la kidonda chake.

Pacifique alipotea mwaka wa tisini na sita, vita vilipoingia Uvira. Larissa, mkewe Ezéchiel, alimpa jirani mtoto ndani ya mtumbwi wa kuvukia ziwa, akageuka kumshika mkono mama mkwe asianguke. Alipogeuka tena, mtumbwi umeshajaa na umeshaondoka. Yule jirani alifika Kigoma, kipindupindu kikamchukua, na habari ya mtoto ikazikwa naye. Pacifique alikuwa na miaka miwili. Ukimuuliza jina alisema "Fifi", akiulizwa la baba alisema "Papa". Nani angemjua kwa hayo? Kilichobaki ni picha moja ya ubatizo wa mwaka ule, ambayo Larissa aliifunga kwenye pindo la kitenge toka Uvira mpaka Durban. Ezéchiel alizoea kusema: mtoto mdogo habebi jina, anabeba uso.

Larissa alisuka nywele saluni moja mjini, na juu ya saluni ile palikuwa na duka la simu na kompyuta la Dawood, mtu wa mtaa wa Chatsworth, wa wale Wazanzibari ambao mababu zao waliletwa Durban zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kimebaki vipande. Ezéchiel alikuwa amesikia kwamba huko Tanzania, kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma, masista na watu wa misaada wamewekewa internet. Akapanda ngazi.

"Kutengenezewa tovuti ni pesa nyingi, bhai, ndugu yangu," Dawood alimwambia. "Lakini nafasi ya kuiweka iko bure. Makampuni ya ng'ambo yanatoa, mradi ukubali matangazo yao pale juu. Jifunze, ujenge mwenyewe."

Akajifunza. Mafundisho yalikuwa ya Kiingereza, naye akayasoma kwa kamusi, mgongo kwenye nguzo ya taa, magari yakiingia na kutoka. Alama za kujengea ukurasa aliziandika kwa penseli juu ya mifuko ya mkate. Jumamosi paroko alimruhusu kuzichapa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya parokia, isiyo na waya wa simu wa kuingilia internet. Aliweka kazi kwenye disketi, akaipeleka kwa Dawood kutumwa, maana kwa Dawood kila dakika ililipiwa.

"Papa Pacifique," mlinzi wa magari mwenzake, Anicet, alimcheka, "hii internet yako inakula mukate kupita muke yako!"

"Mke wangu hawezi kufika Kigoma kwa dakika moja. Internet inafika."

"Basi panda wewe juu yake, utuachie parkingi!"

Picha Dawood aliinakili kwa mashine, akaiweka kwenye disketi ile ile. Siku ya kutuma, maneno yalikwenda upesi. Ezéchiel akafungua ukurasa autazame: mwanawe huyo, nguo nyeupe, amemnunia mpiga picha. Alikuwa ameambiwa kwamba picha huchukua muda mrefu kwenda, na muda ni mkate. Akajiambia, kama imeshaonekana, ya nini kuilipia?

"Umemaliza?" Dawood aliuliza, simu sikioni.

"Nimemaliza. Imeshaingia."

Larissa akapanda, vidole vina mafuta ya nywele, akagusa uso ule kwenye kioo cha kompyuta.

Kila Jumapili baada ya misa Ezéchiel alirudi, akaingiza disketi, akafungua ukurasa, akaongeza neno. Hakuna aliyeandika. Mwaka ukapita, akaongeza maneno, akapunguza mkate.

Ndipo akafika Dominiki, katekista aliyetoka kambini Kigoma. Ezéchiel alimpokea kanisani, akampeleka moja kwa moja kwa Dawood, akaingiza disketi kama kila Jumapili.

"Hii tuliiona," Dominiki akasema hata kabla ukurasa haujafunguka wote. "Sista aliifungua mbele yangu. Mutoto wa kiume, miaka mbili, wa Uvira. Akasema, hao tuko nao wengi, kama mwenyewe angeweka sura..."

"Sura iko! Angalia!"

Pacifique akatokea, amenuna. Dominiki akainama. Akaitazama mpaka Dawood akaacha wateja akaja.

"Huyu ni Moïse," Dominiki akasema. "Masista walimuita Moïse, ni Musa, sababu alitoka majini. Mama aliyemuleta alikufa."

"Mwanangu iko wapi?" Ezéchiel akauliza.

"Familia moja ilimuchukua, ikaenda na lori. Wengine wanasema Zambia, wengine Malawi. Papa, kwetu, pale pa sura palikuwa kisanduku kitupu. Nakuapia."

Dawood akachomoa disketi, akafungua ukurasa upya. Maneno yakaja. Mahali pa uso pakaja kisanduku kitupu.

"Eish," akasema. "Picha haikutoka humu, bhai. Ukurasa ulikuwa unaichukua kwenye disketi yako. Nasi kila siku tuliitazama hapa hapa."

Akaituma mwenyewe, bila malipo. Uso ule ukaanza kwenda ulimwenguni, uso wa mtoto wa miaka miwili, na mwenyewe sasa ana miaka mitano, jina jingine, mama mwingine, na labda lugha nyingine.

Larissa alikuwa anafagia nywele sakafuni mumewe aliposhuka. Ezéchiel alimweleza yote amesimama, kama mwanafunzi aliyekosa. Larissa hakulia wala hakumtukana. Aliegemea ufagio.

"Huko kambini alikuwa mnene?" akauliza.

Ezéchiel akatazama ngazi. Dominiki alikuwa ameshapanda teksi.

"Sikuuliza," akasema.

Larissa akarudia kufagia pale pale alipokwisha kufagia.