Gari Iliyokwenda Harusini

Gari yangu ina magurudumu manne, na ilipokuja yote manne yalikuwa yakivuta. Siku hizi yanavuta mawili ya mbele. Ya nyuma yanafuata tu, kama jamaa waliokuja kula. Fundi kasema ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho wake, na ile taa ya manjano itabaki ikiwaka. Nimeibandika kipande cha plasta. Haijazima, lakini angalau hainitolei macho.

Niliinunua kwa ajili ya mama. Mama ana nyonga mbovu, na ana dada mmoja tu duniani, anayeishi kijiji kimoja cha kaskazini, mbele ya Mkokotoni, ambako lami inakwisha na mawe yanaanza. Akenda kwa taksi zile za chini, akirudi hanyanyuki kitandani. Asipokwenda, hata chakula hali vizuri. Nikaona bora nitafute gari iliyonyanyuka, fowili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ya kukaa familia nzima, impeleke mama kwa dada yake na kumrudisha mzima.

Mimi nauza vitambaa Darajani, sinunui kitu kwa kutazama rangi. Nilitandika kanga chini nikalala, nikaikagua tumbo. Kesho yake nikarudi nikaikagua tena. Dalali akachoka.

"Bibi wee, unanunua gari au unaozesha binti?"

"Binti ningekuwa nshamtoa zamani," nikamwambia. "Hebu fungua boneti."

Haikuwa gari ya zamani ya chuma na kelele. Hii inawaka kwa kitufe, inajiamulia yenyewe gurudumu lipi livute na lipi lipumzike, na maandishi yake yote ni ya Kijapani. Ukiiwasha, mwanamke mwenye sauti ya upole anasema maneno mawili matatu, hatujui nini. Siku ya kwanza mama akamwitikia, "Waalaikumu salaam."

"Mama, hiyo mashine."

"Hata kama. Kaanza yeye."

Na akawa anamwitikia kila safari. Nyumba yetu iko ndani ya vichochoro nyuma ya Malindi, gari haifiki, kwa hiyo inalala nje kwenye uwazi pamoja na rikwama za wapagazi. Mama alikuwa akiifuata kwa mkongojo, polepole, akisalimiana na kila baraza, na kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu kwa sauti ya mtu mwenye usafiri wake: "Nnakwenda kwa dada."

Ikaja harusi ya mtoto wa kiume wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi yake wa pekee, na kwetu shangazi si mwalikwa, ni mwenye shughuli. Bi harusi hawezi kutolewa kwao kwa gari ya kukodi huku gari ya shangazi imelala Malindi. Mji mzima utauliza.

Kaka akaja kutoka Mpendae.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Gari haijambo?" Mimi hakuniuliza.

Alikuwa anaitaka kuanzia Alkhamisi mpaka Jumapili. Nikamuuliza bi harusi ni mmoja au wanne. Akasema watu watasema. Nikamwambia wanasema hata sasa. Shida ilikuwa moja: wiki ile tulipata habari kwamba mamkubwa, dada yake mama, hajiwezi, yuko kitandani, na anamtaja mdogo wake kila saa. Mama alitaka kwenda siku ileile. Mamkubwa mwenyewe akampigia simu: "Usije sasa ukaacha harusi ya mjukuu. Njoo Jumamosi, unipe habari zake zote." Wakaahidiana Jumamosi.

Basi nikaanza kupatana na kaka, na mama kakaa kitandani anasikiliza. Gari inatoka Ijumaa baada ya sala. Inarudi Jumamosi alfajiri, ufunguo mkononi mwangu. Dereva mmoja, mtu mzima. Na pwani hapana.

"Pwani kufanya nini?"

"Kaka, nshaziona hizo video za maharusi. Gari mchangani, bi harusi juu ya boneti, shela linapepea."

"Wallahi pwani haikanyagi."

"Rudia."

"We mwanamke, mie kaka yako!"

"Rudia."

Mama akacheka. "Mrudilie, baba, upate kunywa chai yako kwa amani."

Akarudia, yote, moja baada ya moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilipata kila sharti nililolitaka. Miaka yote niliyokaa dukani sijawahi kushinda mapatano kwa usafi namna ile.

Ijumaa alasiri, kabla bi harusi hajavishwa, rafiki zake bwana harusi walimpeleka kwa gari yangu pwani ya kaskazini kupigwa picha. Dereva alikuwa mmoja, mtu mzima, kama nilivyotaka. Waliposhuka mchangani mmoja akasema maji yanajaa. Hawa ni vijana wa kisiwani, wanajua maji yanajaa saa ngapi bila kuuliza mtu. Lakini mwenzake akasema hii fowili, nini maji. Gurudumu likazama. Wakakanyaga mafuta, likazama zaidi. Gari ikanuka, ikawasha taa, ikaandika habari ndefu kwenye kioo chake, na mwanamke wa Kijapani akawaeleza, kwa upole, mara kadhaa. Hakuna aliyemwelewa. Bahari ikaingia mlangoni, ikapita chini ya viti, ambako gari za kisasa huficha nyaya zao zote. Waliitoa kwa kamba na watu wengi.

Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Ijumaa ile jioni mimi nilikuwa ukumbini, nimevaa, nimefukizwa udi, nawanyunyizia watu marashi. Nikamuuliza wifi yangu, mke wa kaka, gari imefika?

"Imefika, imepumzishwa. Kaa kitako, shangazi mtu, leo siku yako!"

Waliokuwa karibu wakacheka, wakapiga vigelegele, mmoja akanivuta nikacheze. Nikacheza. Wote walikuwa wanajua. Kila mwanamke wa safu ya mbele alikuwa anajua kwamba gari yangu imepakiwa juu ya lori ikichuruzika maji ya chumvi, na wote walinipigia makofi. Ndivyo tulivyolelewa: harusi haiharibiwi kwa habari mbaya. Bibi akifa mchana wa harusi, bi harusi atatolewa kwanza, kisha ndiyo watu walie. Mimi mwenyewe nshawahi kuficha makubwa kuliko hayo, na nikasifiwa.

Jumamosi alfajiri ufunguo haukuja. Mama alikuwa keshavaa buibui, kakaa barazani na mkongojo wake. Jua likapanda. Simu ya kaka ikawa haipatikani. Alipotokea mwisho wa kichochoro alikuwa anatembea kwa miguu, na aliponiona akaanza na Mungu.

"Alhamdulillah watu wote wazima."

"Gari iko wapi?"

"Ina tatizo dogo."

"Tangu lini?"

Akatazama chini. "Jana. Tulisema usije ukakosa raha."

Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa, na barazani watu wakaacha kahawa zao wakasikiliza. Si kwa ajili ya gari. Gari ni chuma. Lakini kama angeniambia Ijumaa jioni, ningevua mapambo yale nikatafute usafiri usiku uleule, na asubuhi tungekuwa njiani. Jumamosi ya msimu wa watalii, gari zote zilizonyanyuka zilikuwa zimeshawahiwa na mahoteli. Madereva wa taksi za kawaida wakisikia jina la kijiji wanauliza, "Kule kwenye mawe? Na mvua hii ya juzi? Aka, mama, tutafutie mwingine." Nikabembeleza, nikapandisha bei, nikatukana. Sikupata. Mama akavua buibui adhuhuri, akalikunja, akaliweka juu ya mto.

Alasiri ikaja simu kutoka kaskazini. Mamkubwa alitaka kutoka uani, kaanguka. Kaamka, lakini hamjui mtu.

Tulifika Jumapili, kwa gari ya kuazima. Mamkubwa alikuwa kaegemezwa ukutani, nywele zimesukwa vizuri, macho yake safi. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Karibu bibi," mamkubwa akasema. "Watoka wapi?"

"Natoka mjini."

"Mjini?" Akafurahi. "Mjini nina mdogo wangu. Atakuja Jumamosi, ana habari za harusi."

Nikamtazama mama. Sikujua atafanya nini. Mama akamtengeneza unywele uliochomoka, akaurudisha nyuma ya sikio.

"Ukimwona," mamkubwa akasema, "mwambie nnamngoja. Asinunue kitu, aje tu."

"Ntamwambia."

"Na wewe, una ndugu?"

"Ninaye mmoja," mama akasema, na akaendelea kukaa pale, mgeni mwenye adabu, mpaka akaambiwa na mwenye nyumba, dada yake huyohuyo, kwamba njia ni mbovu, bora awahi kurudi.

Tukarudi mjini. Tulipoikaribia Malindi, mama akanigusa goti.

"Kaka yako akikuuliza, mwambie kanijua."

"Mama, siwezi."

"Mwambie kanijua, na tumezungumza. Ana harusi ya mtoto wake, kuna watu kwake mpaka leo. Usimtie uchungu."

Niliwaza kwamba mimi hakuna aliyenihurumia uchungu isipokuwa kwa kunificha, na sasa nami naambiwa nifiche. Lakini aliyesema ni mama, na kila kilichopotea siku zile kilikuwa chake, si changu. Yeye ndiye mwenye haki ya kukigawa atakavyo.

Kaka alipiga simu baada ya magharibi. Nyuma yake nilisikia sahani na watu wakicheka.

"Ehe, mmemkuta vipi mamkubwa?"

"Kamjua mama," nikasema. "Wamezungumza sana."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani.

"Unaona basi?" akasema. "Nawe ulivyonipigia kelele mbele za watu!"