Fundi wa vioo na dirisha lake la bati

Saa moja asubuhi, vibarua wawili wanavuka barabara na kioo kilichofungwa blanketi la maua. "Taratibu! Taratibu jamani, hicho si mlango!" anafoka mwanamume mfupi anayetembea kinyumenyume mbele yao. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Taratibu.

Kioo ni cha dirisha la kinyozi, na ndicho cha kwanza kurudi dukani tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe.

Kila uchaguzi unapokaribia, wenye maduka humwita fundi huyu afungue vioo vyao na kupigilia mbao. Vioo husimamishwa chumbani kwake, vikiwa vimefungwa mablanketi ya familia, hadi mji utulie.

"Mimi najifunika shuka, vioo vya watu vimejifunika blanketi," anasema mkewe, ambaye ni fundi cherehani.

Uchaguzi uliopita haukuisha vizuri. Matokeo yalipingwa, mawe yakarushwa, mabomu ya machozi yakafuata. Vioo vya wateja vilisalimika vyote. Kilichovunjika ni cha dirisha la fundi mwenyewe.

"Nilifungua vya mtaa mzima, changu nikakisahau. Fundi mzima!" anasema, akijishika kichwa.

Akaziba dirisha kwa bati. Miaka mitano sasa mkewe anashona kwa taa mchana kweupe, na kila akiomba kioo anajibiwa, "Cha nini, waje wavunje tena?"

"Vioo nilikuwa navyo," anakiri fundi. "Imani ndiyo iliniishia."

Safari hii aliyeshindwa amekwenda mahakamani. Fundi alitaka kila kioo kisubiri hukumu, lakini jana kinyozi alimgongea mlango.

"Shemeji, nirudishie kioo changu."

"Kesi bado!"

"Kesi ni yao. Mimi nanyoa watu gizani, nitakata sikio la mtu."

Sasa kioo kimekaa mahali pake. Fundi anakifuta vumbi anapotokea kijana mrefu aliyevaa fulana ya chama kilichoshindwa. Anakuja moja kwa moja. Fundi anakishika kioo kwa mikono miwili, utadhani mikono itazuia jiwe.

Kijana anainama, anajitazama, anageuza shingo huku na huku.

"Kumbe nimechakaa hivi!" anasema. "Kinyozi yupo?"

Fundi anacheka hadi anakaa chini. Moyo wake, anasema, haujatua namna hii kwa miaka.

Jumamosi anapanga kubandua bati nyumbani kwake, kabla hata ya hukumu. Anatamani uchaguzi ujao mablanketi yabaki kitandani, ingawa anajua hilo haliko mikononi mwake.

Mkewe, alipoulizwa kama anaiamini ahadi hiyo ya Jumamosi, hakuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiipinda.

"Sijui," alisema. "Lakini cherehani nimeshaihamishia dirishani."