Mafuta Yasiyotaka Dhahabu

Mke wangu Martina anauza sabuni na mafuta ya kujipaka hapa Rwamgasa, kwenye kibanda kilicho mkabala na kisima. Watu wamempa jina la Bibi Afya, na wanamwita hivyo kwa kumcheka. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini jambo hili limenikaa rohoni, na kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema.

Zamani dawa ya kupaka nywele rangi ilimvimbisha uso mpaka macho yakazibika. Tangu hapo hauzi kitu kabla hajasoma boksi lake, na maandishi yakimshinda anampelekea muuguzi wa zahanati. Mteja mpya anampaka kidogo ndani ya kiwiko, anamwambia arudi kesho. Akiona tumbo, anauliza mimba ina muda gani. Wengine wanasonya na kwenda mnadani kwa Violeth, ambaye haulizi kitu.

Rebeka alikuwa mmoja wao. Ni mke wa Amosi, mchimbaji. Mimba zake za mwanzo ziliharibika, na hii ndiyo ya kwanza kufika mahali pa kuonekana. Amosi amemkataza kukanyaga mwaloni, kule wanakokamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma, maana zebaki hudhuru mimba. Hata nguo zake za kazi anazifua mwenyewe, na wenzake wamemcheka mpaka wamechoka.

Siku moja walikuja kibandani wamenuniana. Pete ya ndoa ya Rebeka, ambayo Amosi aliitengenezesha kwa dhahabu aliyoichimba mwenyewe, ilikuwa imegeuka nyeupe kama bati. Rebeka alisema amevishwa pete bandia. Amosi alikuwa anakwenda kumkunja sonara. Walipita tu kununua sabuni, waisugue kwanza.

Martina aliigeuza pete, akauliza Rebeka anajipaka nini. Rebeka akatoa kwenye mkoba mafuta ya kung'arisha uso aliyonunua kwa Violeth, yakiwa bado ndani ya boksi. Pembeni palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Martina aliyasoma polepole: yasiguse dhahabu wala fedha.

"Violeth aliniambia ni kwa sababu yana nguvu," Rebeka akasema.

Martina akamgeukia Amosi. "Baba, mchimbaji ni wewe. Dhahabu ikiguswa na nini inakuwa nyeupe?"

"Bibi Afya, leo unanifundisha mwalo?" Amosi akasema, akacheka. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alichukua pete, akaenda mwaloni peke yake, akaichoma kuitoa zebaki kama anavyochoma siku zote. Aliporudi ilikuwa ya njano. Aliketi kwenye kreti la soda, akainamisha kichwa.

"Namfukuza mwaloni," akasema, "kumbe mwalo anao usoni."

Jioni ileile Martina alimpeleka Rebeka zahanati pamoja na yale mafuta. Muuguzi alimwambia aache kuyapaka tangu saa hiyo, akamwandikia kwenda kupimwa hospitali. Huko walisema mtoto anacheza, lakini hakuna aliyethubutu kumwahidi zaidi ya hapo.

Mimi nauliza: aliyeandika lile boksi ana moyo gani? Pete imetahadharishwa, hata kama ni kwa Kiingereza. Mama mwenye mimba hakutahadharishwa kwa lugha yoyote. Na sisi tulikuwa tunamcheka anayesoma.

Siku ya mnada Rebeka alitaka kwenda, nasi tukamsindikiza. Violeth alikuwa chini ya mwavuli wake, anamsifia mafuta yaleyale binti mmoja aliyekwishashika pesa mkononi.

"Mama kijacho, umerudi. Ona ulivyong'aa," Violeth akasema.

Rebeka aliiweka pete mezani, akamwomba aipake mafuta yake, watu waone.

"Pete yako feki, mama. Kamuulize mumeo." Waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

"Sawa," Rebeka akasema. "Basi paka hiyo uliyoivaa wewe."

Violeth alikuwa amevaa pete nzuri ya dhahabu. Aliutazama mkono wake, akauingiza chini ya kanga. Kicheko kikakatika. Alikuwa akijua, tangu mwanzo alikuwa akijua.

Yule binti akayarudisha mafuta mezani, akamuuliza Martina kibanda chake kiko wapi.