Gurudumu Kwenye Mstari wa Esansi

Tangazo lilisema mwalimu anayetafutwa awe na shahada, awe na subira, na awe na usafiri wake mwenyewe, ambao aje nao siku ya mtihani wa kazi. Shahada nilikuwa nayo. Subira nilitumaini hawataipima. Usafiri ulikuwa pikipiki yangu, ambayo kwa wiki tatu ilikuwa imesimama uani kwetu Mutakura, tanki kavu kwa uhaba wa esansi, yaani petroli, na tairi la nyuma limelala chini. Mtihani ulikuwa Alhamisi saa mbili asubuhi, kwenye shule moja ya Kajaga. Leo ilikuwa Jumatano.

Mama alisema niende kwa miguu. Nilimweleza kwamba wanataka kukiona chombo chenyewe. Akauliza kama ni pikipiki itakayofundisha. Lilikuwa swali zuri, na kwa kawaida nyumbani kwetu maswali ya aina hiyo huwa yangu, lakini miaka miwili bila kazi ilikuwa imenipunguzia hamu ya kuuliza.

Sikumwita fundi. Siwaamini watu wanaofungua kitu changu huku wamenipa mgongo. Nilitandika gunia, nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, nikalegeza nati ya ekseli, nikafungua fimbo ya breki, kisha nikaivuta ekseli yenyewe, ule mtaimbo mfupi wa chuma unaopita katikati ya gurudumu na kulishikilia kwenye pikipiki. Ilitoka na grisi nyeusi kama dawa ya kikohozi. Nilisukuma gurudumu mbele kidogo, nikavua mnyororo, na gurudumu likaniangukia mapajani. Vipande vyote nilivipanga kwenye gunia kwa utaratibu wa kutoka kwake. Nilijiona nina akili sana.

Nikalibeba gurudumu hadi kwa mziba pancha, jirani na stesheni ya esansi. Aliziba matundu mawili, akajaza upepo. Ninatoka kwake, nakuta mstari umeota barabarani. Lori la esansi limeonekana, watu walisema. Niliuliza limeonekana wapi, na nani. Hakuna aliyejua. Nikamaliza kuuliza nikiwa tayari nakimbia na gurudumu begani kwenda kupanga foleni.

Mkubwa wa mstari ule alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa. Duka lake lilitazamana na stesheni. Kwa kuwa aliuona mstari tangu mwanzo hadi mwisho, ikaonekana ni wake. Majina aliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, pembeni ya mabega na viuno vya watu. Sheria zake zilikuwa mbili. Madumu hayaruhusiwi. Na mtu hahesabiwi, kwa sababu mtu huchoka na kwenda zake, bali chombo hubaki.

Nililaza gurudumu nyuma ya teksi moja. Mzee akaja na penseli sikioni.

"Hii ni nini?"

"Ni pikipiki, muzee."

"Mi naona gurudumu."

Hapo ndipo elimu yangu ilipopata kazi kwa mara ya kwanza tangu nihitimu. Nilimwonyesha ile teksi iliyokuwa mbele yangu, iliyoletwa pale na wanaume wanne wakiisukuma. Nikamwuliza kama inaenda. Haiendi. Na ile pikipiki ya mbele yake? Haiendi. Basi mstari mzima ni wa vitu visivyoenda, nikasema, na gurudumu langu ndilo pekee linaloweza kubingirika. Zaidi ya hayo, pikipiki bila gurudumu si pikipiki, kwa hiyo upikipiki wote wa pikipiki yangu uko hapa chini mbele yake. Kilichobaki nyumbani ni vyuma tu.

Watu wa mstari walicheka. Mwenye teksi alisema, "Muzee, mwandike, atatuua na maneno." Mzee hakucheka. Alifikiri, akaandika: kumi na tisa, gurudumu.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba gurudumu linatakiwa nyumbani. Bila hilo siwezi kuileta pikipiki, na nikiliondoa napoteza nafasi. Nikaomba niache viatu. Mzee akakataa, pikipiki haivai viatu. Nikasema nitaleta kioo cha pembeni.

"Pikipiki inaenda bila kioo?"

"Inaenda."

"Basi kioo si pikipiki. Ni we ulisema, si mi. Leta kitu ambacho haiendi bila hicho."

Nilikuwa nimeshindwa na hoja yangu mwenyewe, ikiwa imevaa kofia ya darizi. Mwenye teksi aliahidi kulilinda gurudumu, nami nikakimbia nyumbani, nikasimama mbele ya gunia langu na kuvitazama vipande vyote. Injini haibebeki. Mnyororo umejaa grisi. Ekseli ilikuwa imeshatolewa tayari, fupi, nyepesi, na hakuna pikipiki duniani inayoenda bila ekseli. Niliifuta vizuri kwa kitambaa, nikarudi nayo stesheni nikijipongeza njia nzima. Mzee aliipima kwa mkono, akaridhika, akafuta neno gurudumu na kuandika ekseli. Nikachukua gurudumu langu.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nililiingiza gurudumu mahali pake, nikavisha mnyororo kwenye meno, nikaweka bushi, kile kipande cha bomba cha kujaza nafasi, upande wa kulia, nikainua gurudumu kwa goti mpaka matundu yakalingana. Yalilingana barabara. Kwa mkono wa kushoto nikashikilia, mkono wa kulia nikaunyoosha nyuma kwenye gunia kuchukua ekseli.

Mkono ulikaa pale.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Ekseli."

"Iko wapi?"

"Inanishikia nafasi."

Aliendelea na maharage. Nilibaki nimelikumbatia gurudumu, namweleza jinsi mambo yalivyokwenda. Nikifuata ekseli lazima niache gurudumu stesheni. Nikiacha gurudumu, ekseli haina cha kushikilia. Kila hatua peke yake ilikuwa sahihi, hilo nilimhakikishia. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hayo ndiyo tuliyofundishwa chuoni miaka yote minne. Kisha akasimama, akaenda kwenye mlango wa mbele, akarudi na komeo.

Komeo letu ni kipande cha nondo ambacho marehemu baba alikikunja ncha moja. Lilipita kwenye matundu yote, jembamba kidogo, likiacha nafasi ya kucheza. Mama alishika gurudumu, nikafunga ncha ya pili kwa waya. Breki sikuifunga. Sikuona sababu ya kusimamisha kitu ambacho hakiwezi kwenda.

Niliisukuma pikipiki Mutakura nzima, gurudumu la nyuma likiyumba kama mtu anayetoka kwenye sherehe. Nilipofika, lori lilikuwa limekuja kweli na mstari ulikuwa unasogea, lakini sikuutambua. Mfano wangu ulikuwa umezaa. Nyuma ya ekseli yangu palikuwa na betri, usukani wa gari, kiti cha pikipiki, na tanki tupu ambalo mwenyewe aling'ang'ania kwamba si dumu. Mzee alikuwa anapita kwenye kila kimoja na swali lake: "Inaenda bila hii?" Mwenye kiti alisema haiendi. Mzee akamwambia kiti ni cha matako, si cha pikipiki, akakiondoa.

Alipofika kwangu aliinama, akagusa ncha iliyokunjwa.

"We profesa, hii ni pikipiki ama ni mulango?"

Nikamjibu kwamba mpaka nikabidhiwe ekseli yangu, ni vyote viwili. Alinipa. Nikachomoa komeo, nikapitisha ekseli palepale, nikakaza nati, nikafunga breki, huku mwenye teksi akinishikia gurudumu na kuniuliza kama kwetu pikipiki hulala zimefungwa kwa ndani. Nikapata lita moja. Kwenda Kajaga na kurudi, basi.

Nilikuwa nawasha pikipiki mzee aliponishika bega, akaniambia kesho huenda likaja lori lingine. Akatazama komeo mkononi mwangu. Nikaanza kusema kwamba komeo si sehemu ya pikipiki. Akaniuliza pikipiki ilifikaje pale. Nikaliweka chini, mwanzo kabisa wa mstari mpya, naye akaandika: moja, mulango. Usiku huo mama aliegemeza meza kwenye mlango.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa Kajaga, shati limepigwa pasi, pikipiki inanguruma, mafuta ya kurudi tu yamebaki. Geti la shule lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye tofali, anakula ndizi. Nilimwambia nimekuja kwa mtihani wa kazi.

"Mutihani apana leo," alisema. "Ni Jumatatu."

Niliuliza kwa nini. Akaonekana kushangaa kwamba mtu anaweza kuuliza. Mkurugenzi hana esansi, walimu wa kusahihisha hawana esansi, wote wako kwenye mistari huko mjini. Na wenzangu waliotakiwa kufanya mtihani? Hajamwona hata mmoja. Mimi ndiye wa kwanza kufika.

Nilimwomba aandike hivyo mahali. Alitoa daftari la wageni, akaandika jina langu juu kabisa ya ukurasa, na namba moja. Nilimshukuru lakini sikuondoka. Niliitazama pikipiki yangu kuanzia mbele hadi nyuma.

"Niache kitu gani?" nikamwuliza.

"Kitu cha nini?"

"Cha kushika nafasi."

Alilishusha ganda la ndizi, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa watu.

"Jina linatosha, mutoto wangu. Rudi nyumbani."

Sikurudi nyumbani. Jumatatu ilihitaji lita nyingine. Nilienda taratibu mpaka stesheni, gia ya juu, nikizima injini kila palipoteremka. Hapakuwa na gari wala pikipiki hata moja. Komeo lilikuwa palepale nilipoliacha, na nyuma yake betri mbili. Nikaisimamisha pikipiki mahali pake, nikaliokota, nikampelekea mama mlango wake.