Sikio la Kushoto na Hodi ya Nne

Namshukuru Mungu kwamba nawasimulia haya huku nikisikia mvua kwa masikio mawili. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani kwangu, mtaa wa Umoja. Ni mjane. Binti yangu Njeri ameolewa Eldoret, kwa hiyo humu ndani tunaishi mimi na cherehani. Kabla ya kuugua nilijiona mtu wa watu, maana wapangaji wa ploti nzima walinisalimia.

Ilianza na mafua. Mafua yakaisha, sikio la kushoto likabaki limeziba na linawasha. Nikalichokoa kwa pini ya nywele, kwa sababu fundi hawezi kuona kitu kimekwama akakiacha. Kesho yake maumivu yakashuka hadi kwenye taya. Nikapasha mafuta ya kupikia na kitunguu saumu, nikayatia vuguvugu, kama alivyofanya marehemu mama. Nililia peke yangu jikoni.

Halafu usaha ukaanza kutoka, wa manjano, unanuka. Kichwa kilizunguka hata cherehani sikuweza kuigusa. Nikawa nashinda nimelala upande wa kulia, maana kushoto hakugusiki, na sikio bovu nimelisindilia pamba. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuja. Siku ya tano niliwakumbuka majirani wote niliowashonea bure, nikawachukia mmoja mmoja. Nikajiambia, nikifia humu watajua kwa harufu.

Siku ya saba usaha ulidondokea shati jeupe la mteja. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali, si maumivu. Daktari alikuwa binti mdogo. Alimulika ndani, akakunja uso.

"Ngoma ya sikio imetoboka, mama. Ulitia nini humu?"

Nikamwambia.

"Mafuta ni ya chapati," akasema.

"Nitakuwa kiziwi?"

"Ukifuata dawa, mara nyingi kitundu hujiziba chenyewe. Ukirudia pini, sikuahidi kitu. Nyumbani uko na nani?"

"Na cherehani."

Hakucheka. Alilisafisha sikio, akanipa dawa ya matone na vidonge vya maumivu, akanikataza kuingiza maji. "Pamba usisindilie. Na ukiweza kuvumilia, lalia hilo hilo bovu juu ya taulo, usaha utoke."

Kesho yake mchana nikalala hivyo, sikio zima likiwa juu. Nilikuwa nimesinzia niliposikia, "Hodi!"

Nikafungua. Alikuwa Mama Halima wa ghorofa ya juu, na bakuli la uji.

"Kumbe upo, Mama Njeri! Siku tatu mfululizo nimekuja hapa. Kwetu ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi. Nikasema labda hutaki watu."

"Na leo?"

"Hiyo uliyosikia ni ya nne. Mungu atanisamehe."

Niliona aibu, nikamvutia kiti. Siku zote zile nilimchukia mtu aliyekuwa amesimama mlangoni pangu na uji. Tuliunywa pamoja, yeye akiongea upande wangu wa kulia.

Sikio limepona. Daktari ameangalia tena, kitundu kimejiziba. Ndugu yangu, sikio likikuuma usilichokoe wala usilitie mafuta, nenda hospitali mapema. Na wewe uliye mzima, ukibisha kwa mgonjwa ukakuta kimya, usirudi na uji wako. Piga ya nne. Huenda yumo ndani, amelalia sikio lake zima, anadhani hakuna aliyekuja.