Mhojiwa wa Saba

“Mayu, hilo jarida la wanyamapori ni la wasomi!”

“Na tembo waliokula mahindi yangu, nao ni wasomi?”

Bosi wangu, mwenye steshenari hapa Bariadi, aliyemwita “mayu”, yaani mama kwa Kisukuma, akaniashiria nilitafute kwenye kompyuta. Bibi yule alikuwa amesikia redioni kwamba jarida lililokufa limefufuliwa mtandaoni, na hata matoleo ya zamani yanasomwa bure. Zamani mtafiti alimhoji kwa ajili ya jarida hilo, na tangu hapo majirani wanamnunia, wakidai aliomba kijiji kihamishwe kupisha tembo. Alitaka kujua kilichoandikwa.

Nililipata toleo lenyewe. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, kwa hiyo nilimtafsiria polepole, kidole kwenye kioo cha kompyuta: “Mhojiwa wa saba, mjane mwenye shamba kando ya mto, alisema, ‘Tuwaachie tembo njia yao ya kwenda kunywa maji, sisi tubaki.’”

“Ndiye mimi!” Akapiga makofi mpaka kitenge kikamdondoka begani.

“Lakini jina lako halipo,” bosi akasema.

“Mjane wa mtoni ni mmoja tu.”

Miaka yote maneno hayo yalikaa kwenye makabati ya wasomi, kumbe aliyeyahitaji alikuwa shambani anapalilia pamba.

Bosi, sasa mpole, akataka kumprintia nakala. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni.

“Acha, baba. Walionisema wote wana simu. Wasome wenyewe.”