Dola Mbili za Mama wa Bankstown

Mwaka wa pili wa korona, hoteli niliyokuwa nikipika hapa Sydney ilifungwa, nikabaki nyumbani Merrylands bila kazi. Kwa amri ya serikali, mwisho wa kutembea ulikuwa kilomita tano kutoka nyumbani. Nilizunguka sebuleni hadi mke wangu akaniambia nitatoboa zulia.

Ndipo nikaanza kukusanya noti za kigeni kwa njia ya mtandao. Moja ilininyima raha: noti ya dola mbili ya Kimarekani, iliyotolewa nchi yao ilipotimiza miaka mia mbili ya uhuru. Wamarekani wenyewe hawaioni mara kwa mara. Mjane mmoja Mrundi wa Bankstown alikuwa nayo. Marehemu mumewe alipewa na daktari wa kigeni walipokuwa kambini Kigoma. Alikubali kuniuzia, ila Bankstown ilikuwa nje ya zile kilomita tano, na mama huyo hakuiamini posta.

Nikawa nampigia kila asubuhi. Namwamkia, namuuliza afya, halafu namuuliza kama noti iko salama, kama hajatokea mnunuzi mwingine. Siku ya tisa akanikatiza kwa upole.

"Mwanangu, unanijulia hali mimi, ama unaijulia hali noti?"

Kwa aibu nikaacha kupiga. Siku tatu nilikuwa nashika simu na kuiweka. Siku ya nne akapiga yeye. Binti yake, aliyekuwa akihudumia wazee, alikuwa amechukuliwa na gari la wagonjwa kwa sababu ya korona. Mama alibaki peke yake, haruhusiwi kutoka hata mlangoni.

"Ongea tu," aliniambia. "Ongea chochote."

Nikamweleza namna ya kupika pweza, kitu ambacho hajawahi kula. Tangu hapo nilipiga asubuhi na jioni, na habari za noti sikuzigusa.

Binti alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Tulipofunguliwa, nilipanda treni. Mama akaitoa noti ndani ya Biblia. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na picha ya wazee wa uhuru wa Marekani iliyo nyuma yake imechanika kwenye mkunjo. Kwa wakusanyaji, noti kama ile haina thamani. Nililipa bei tuliyopatana. Binti akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli nakitaka kile kikaratasi. Nikasema nakitaka.

Chai ilipoletwa nilikuwa nimesimama dirishani. Mama akacheka, akasema nikae, amri ya kilomita tano imekwisha, polisi hawanitafuti tena. Nikakaa, lakini miguu yangu, iliyozoea kuzunguka sebuleni, iliendelea kuchezacheza chini ya meza mpaka chai ikapoa.